Ushahidi wa Waliojificha: Riwaya ya Upelelezi na Vilabu vya Siri vya Pombe vya Marekani, 1920–1933

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeigawa riwaya katika mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na riwaya ya upelelezi imewekwa katika fungu la pili bila ya mjadala mkubwa. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba riwaya ya upelelezi ni fasihi ya kufariji. Huanza kwa uhalifu unaoivuruga jamii, humleta mtu mwenye akili kuwazidi wenzake, na humalizika kwa mhalifu kutiwa mbaroni na jamii kurudi kama ilivyokuwa. Msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba sheria ilikuwa njema tangu mwanzo na kwamba kasoro ilikuwa ya mtu mmoja tu. Hoja hii ina nguvu yake, na kazi nyingi zinaithibitisha. Hata hivyo, inachukulia kwamba sheria na haki ni kitu kimoja machoni pa wahusika wote. Makala haya yanadai kuwa lipo tawi moja la utanzu huu, yaani riwaya ya upelelezi ya kihistoria iliyojengwa katika vilabu vya siri vya pombe vya Marekani baina ya mwaka 1920 na 1933, ambalo haliwezi kuandikwa vyema kwa kufuata dhana hiyo. Mwandishi anayejaribu kuliandika hivyo hushindwa kama mwanahistoria, na hushindwa pia kama mtunzi wa mafumbo.

Inafaa kwanza sheria yenyewe ieleweke, maana si waandishi wachache wanaoikosea. Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa Januari 1919 na kuanza kutumika tarehe 17 Januari 1920. Sheria ya Volstead, iliyoweka taratibu za utekelezaji, ilipitishwa na Bunge Oktoba 1919 licha ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson, nayo ilikihesabu kuwa pombe kila kinywaji chenye kileo cha nusu ya asilimia moja au zaidi. Kilichokatazwa ni kutengeneza, kuuza, kusafirisha, kuingiza nchini na kutoa nje. Kunywa hakukukatazwa. Mtu aliyeweka akiba yake kabla ya Marufuku aliweza kuinywa nyumbani kwake pamoja na wageni wake bila ya kuvunja sheria. Daktari aliweza kumwandikia mgonjwa wiski kama dawa. Makasisi na marabi walipata divai ya ibada. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 5 Desemba 1933, Marekebisho ya 21 yalipoidhinishwa.

Matokeo yake ni kwamba katika ukumbi mmoja wa kilabu cha siri walikaa watu wa hadhi mbalimbali mbele ya sheria. Mwenye kilabu, mhudumu wa kaunta na dereva aliyeleta makreti walikuwa wahalifu. Mteja aliyeshika bilauri hakuwa mhalifu kwa mujibu wa maandishi ya sheria, ingawa alikuwa na sababu zake za kutotaka jina lake litokee gazetini. Askari aliyepokea bahasha mlangoni alikuwa mhalifu wa namna nyingine kabisa. Mpiga tarumbeta alikuwa kazini kwake. Na wote hao walinong'ona. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa: anazijua sheria dhidi ya gongo, na anaijua chang'aa, ambayo Kenya iliiharamisha kwa sheria ya mwaka 1980 na kuihalalisha kwa masharti mwaka 2010. Anajua jinsi mtaa mzima unavyoweza kufahamu nyumba inayouza huku kila anayeulizwa akisema haijui.

Hapo ndipo tatizo la kimuundo linapozuka. Riwaya ya upelelezi ya kawaida hutegemea kanuni moja ambayo haitamkwi mara nyingi: anayeficha ana la kuficha. Mpelelezi huwauliza wahusika mmoja baada ya mwingine, humnasa mmoja wao katika uongo, na uongo huo humwelekeza kwenye hatia. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayeingia katika fasihi ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 pamoja na rafikiye Najum, ni mrithi halali wa Sherlock Holmes katika jambo hili. Hukaa, husikiliza, na huokota neno lisiloafikiana na mengine. Katika kilabu cha siri kanuni hii huporomoka. Kila mtu ana la kuficha, na kila mtu anadanganya kwa sababu isiyohusiana na maiti iliyolala uchochoroni. Uongo huacha kuwa dalili. Mpelelezi anayeendelea kuutumia kama dalili atamkamata mtu asiye na hatia kila mara, na mwandishi anayemruhusu kufaulu kwa njia hiyo atakuwa ameiazima Marufuku kwa ajili ya mavazi na muziki wake tu.

Mfano mmoja kutoka historia halisi unaonyesha ugumu huu kuliko riwaya yoyote. Kilabu kilichokuja kuitwa 21, katika nyumba namba 21 ya mtaa wa 52 Magharibi, New York, kilikuwa na rafu za kaunta zilizoweza kupinduliwa ghafla ili chupa zianguke na kupotelea chini kabla askari hawajavuka ukumbi. Stoo ya divai ilifichwa chini ya ardhi nyuma ya mlango wa matofali wenye uzito wa zaidi ya tani mbili, uliofunguka kwa kupenyeza waya mwembamba katika tundu la ukutani. Linalovutia zaidi ni kwamba stoo hiyo, kwa vipimo vya ardhi, ilikuwa chini ya nyumba ya jirani, namba 19. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeulizwa kama kulikuwa na pombe katika nyumba namba 21 aliweza kuapa kwamba hakuna, na kiapo chake kikawa kweli tupu. Mwaka 1932 maofisa wa serikali kuu walipekua humo kwa saa nyingi wasione kitu. Ni mpelelezi gani wa riwaya anayeweza kupambana na ushahidi wa kweli unaodanganya?

Aidha, mfano huo unaigusa sheria moja ya utanzu wenyewe. Mwaka 1929, Marufuku ikiwa bado inatumika, kasisi na mwandishi Mwingereza Ronald Knox alitoa amri zake kumi za riwaya ya upelelezi, na mojawapo ilikataza zaidi ya chumba kimoja au njia moja ya siri katika kisa. Amri hiyo ilikuwa na busara kwa majumba ya mashambani ya Uingereza, ambamo mlango wa siri ni ulaghai wa mwandishi anayemnyima msomaji haki ya kufumbua fumbo. Lakini kilabu cha siri ni nyumba ambayo yote ni mlango wa siri. Mwandishi mwaminifu kwa historia hana budi kuivunja amri ya Knox, na akishaivunja hawezi tena kujenga fumbo lake juu ya milango na nyakati za watu kuingia na kutoka. Hulazimika kulijenga juu ya watu, juu ya nani anamwamini nani.

Aliyeliona jambo hili mapema, na kwa ukamilifu ambao wengi waliomfuata hawakuufikia, ni Rudolph Fisher, daktari wa Harlem na mtaalamu wa eksirei. Riwaya yake The Conjure-Man Dies ilitoka mwaka 1932, mwaka mmoja kabla ya Marufuku kuondolewa, hivyo haikuwa ya kihistoria ilipoandikwa. Ila ndiyo kipimo kinachofaa kwa riwaya za kihistoria zilizokuja baadaye. Fisher aliujua ulimwengu wa vilabu kwa karibu. Mwaka 1927 alichapisha katika jarida la American Mercury insha kuhusu jinsi wateja weupe walivyovifurikia vilabu vya Harlem hadi wenyeji wakawa wageni humo. Katika Cotton Club, kilichomilikiwa na mlanguzi wa pombe Owney Madden, watumbuizaji walikuwa weusi na wateja walikuwa weupe. Palikuwa na Marufuku mbili katika ukumbi mmoja, moja ya pombe na moja ya rangi, na ya pili ndiyo iliyotekelezwa kwa uaminifu.

Kisa cha Fisher hakimo kilabuni. Kimo katika nyumba ya N'Gana Frimbo, mganga na mtabiri aliyesoma Harvard, anayetoka Buwongo, ufalme wa kubuni barani Afrika, na anayepokea wateja wake ghorofani juu ya ofisi ya mzishi. Hata hivyo, chumba cha kusubiria cha Frimbo kina mantiki ileile ya kilabu. Wamekaa humo Spider Webb, mtu wa kamari ya namba. Doty Hicks, mtumwa wa dawa za kulevya. Aramintha Snead, mama wa kanisa aliyekuja kwa sababu ya mume mlevi. Pamoja na wengine. Kila mmoja ana aibu au kosa lake. Mpelelezi Perry Dart, mmoja wa weusi wachache wenye cheo hicho katika polisi ya Harlem, pamoja na daktari John Archer, wanawahoji wote, na takriban kila jibu lina doa. Kama doa lingekuwa hatia, wangekamatwa wote. Fisher anauelekeza uchunguzi upande mwingine: damu, meno na mifupa, vitu visivyo na sababu ya kudanganya. Na muuaji anapofichuliwa, inabainika kuwa ndiye aliyejitokeza kama mtu mnyofu kuliko wenzake, mfanyakazi wa reli mcheshi ambaye hakuwapo kabisa duniani, kwani alikuwa vazi tu la mzishi wa ghorofa ya chini, mume mwenye wivu. Katika nyumba ya watu wenye siri, asiye na siri ndiye wa kuchunguzwa. Hilo si hila ya mwandishi anayetaka kumshangaza msomaji. Ni hitimisho la kimantiki kuhusu jamii inayoishi chini ya sheria ambayo haiiamini.

Upo upande wa pili wa ulimwengu huu ambao riwaya za kihistoria huugusa kwa nadra, nao ni sumu. Pombe nyingi iliyouzwa kwa siri ilitokana na kileo cha viwandani kilichoibwa na kusafishwa. Ili kuzuia wizi huo, serikali kuu iliagiza kileo hicho kitiwe sumu zaidi, hasa methanoli, kuanzia mwaka 1927. Na tayari wakati wa Krismasi ya 1926 hospitali za New York zilikuwa zikipokea watu waliopofuka na waliokuwa wakifa. Charles Norris, mganga mkuu wa uchunguzi wa vifo wa mji huo, ambaye maabara yake iliongozwa na mkemia Alexander Gettler, alitamka hadharani kwamba serikali inabeba dhamana ya kimaadili ya vifo hivyo. Hapa fumbo la kawaida la sumu, ambalo utanzu huu umelicheza kwa miongo mingi, hubadilika umbo. Mtu amekufa kwa kinywaji. Mhudumu alikimimina, mlanguzi alikileta, mkemia wa mlanguzi alishindwa kukisafisha, na ofisa wa Washington alitia saini agizo la kukitia sumu akijua kwamba kitanywewa. Muuaji ni nani? Riwaya inayomtaja mhudumu peke yake imeamua kesi kabla ya kuisikiliza. Si lazima mwandishi amhukumu ofisa. Lakini ni lazima jina lake liwemo katika orodha ya washukiwa.

Katika miaka ya karibuni vilabu vya siri vimekuwa mandhari yanayopendwa na waandishi wa riwaya za upelelezi za kihistoria, na zipo kazi mbili zinazostahili kutajwa kwa namna zinavyoliweka tatizo. Katika Dead Dead Girls ya Nekesa Afia, iliyotoka mwaka 2021, Louise Lloyd ni msichana mweusi wa Harlem ya mwaka 1926, anayefanya kazi mkahawani mchana na kwenda kucheza dansi katika kilabu cha siri usiku, wakati wasichana weusi wanauawa mtaani. Louise hachunguzi kwa udadisi. Anagombana na askari, anakamatwa, na anapewa hiari isiyo hiari: asaidie upelelezi au afikishwe mbele ya hakimu. Katika Last Call at the Nightingale ya Katharine Schellman, ya mwaka 2022, Vivian Kelly ni yatima wa Kiairishi na mshonaji katika New York ya mwaka 1924. Anaikuta maiti nyuma ya kilabu, na mwenye kilabu, mwanamke aitwaye Honor Huxley, ndiye anayemwingiza katika uchunguzi. Mpelelezi wa kwanza anasukumwa na polisi, wa pili anatumwa na mhalifu. Wote wawili wana siri zao, zikiwemo za mapenzi ambayo jamii ya wakati ule iliyaadhibu. Hakuna Holmes hapa anayesimama nje ya duara na kuitazama jamii kama anayetazama bao.

Uamuzi huo wa waandishi ni wa maana sana. Mpelelezi ambaye mwenyewe anaweza kukamatwa hawezi kuuchukulia ukimya wa wenzake kama hatia, kwa kuwa anaufahamu kutoka ndani. Watu humwambia Louise mambo ambayo wasingemwambia askari, nao humwambia kwa sababu ni mwenzao. Ushahidi katika riwaya ya namna hii ni amana, na fumbo halisi si nani aliyeua tu, bali ni nini kitakachofanywa na amana hiyo siku itakapotakiwa polisi.

Isifikiriwe kwamba tawi zima limefikia kiwango hicho. Riwaya nyingi za aina hii hutosheka na shanga, muziki wa jazi na neno la siri linalonong'onwa kwenye tundu la mlango. Wahusika huongea kama watu wa leo waliovalishwa nguo za kukodi: mashujaa hawana chuki ya rangi hata kidogo, wabaya wanayo yote, na Marufuku huonekana kama upumbavu ambao hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuuamini. Huku ni kuikosea historia. Marufuku ilidaiwa kwa miongo mingi na wanawake waliopigwa na waume walevi, na makanisa, na wapenda maendeleo waliouona ulevi kama kifungo cha mfanyakazi. Kilabu cha siri kisichotembelewa hata na kivuli cha Aramintha Snead, mama yule wa Fisher mwenye mume mlevi, ni nusu ya kilabu. Makosa ya sheria nayo ni mengi. Jimbo la New York lilifuta sheria yake yenyewe ya Marufuku mwaka 1923, na tangu hapo mzigo mkubwa wa utekelezaji ukabaki kwa maofisa wa serikali kuu. Mwandishi anayeweka kisa chake katika mji huo baada ya mwaka huo anapaswa kujua ni askari gani anayebisha hodi, ametumwa na nani, na kwa nini ni usiku huu wala si jana. Mara nyingi jibu la swali hilo ni bahasha iliyochelewa, na bahasha iliyochelewa ni kidokezo bora kuliko alama za vidole.

Yupo mwandishi aliyeifikisha hoja hii mpakani mwake. Ishmael Reed, katika Mumbo Jumbo ya mwaka 1972, anaichukua Harlem ya miaka ya 1920 na kumpa upelelezi PaPa LaBas, mtaalamu wa mizimu ya jadi za Kiafrika katika Marekani. Majeshi ya Marekani yamo Haiti, kama yalivyokuwamo kweli kati ya 1915 na 1934, na ngoma inayoenea mijini inashughulikiwa na wakubwa kama maradhi ya kuambukiza. Wakati wa kumtaja mhalifu unapowadia, mbele ya wageni waliokusanyika kama utanzu unavyotaka, LaBas haanzi na usiku wa mauaji. Anaanza na Misri ya kale, Osiris na Set, na hupitia maelfu ya miaka kabla ya kurudi ukumbini. Hii ni dhihaka, na ni falsafa. Reed anasema kwamba sheria inayokataza furaha ya watu ina ukoo mrefu, na kwamba mpelelezi anayekamata mtu mmoja bila ya kuutaja ukoo huo hajafumbua kitu. Bei anayolipa ni kubwa: msomaji anayetaka kujua nani alimuua nani hupotezwa njiani, na wahusika hugeuka kuwa hoja zinazotembea. Fisher, kwa unyenyekevu wa kisa kidogo chenye chumba kimoja cha kusubiria, anafika karibu na palepale bila ya kumwacha msomaji nyuma.

Yaweza kupingwa kwamba haya yote ni kuitwisha fasihi ya burudani mzigo usio wake. Lakini mzigo huo haukubuniwa na wahakiki. Umo katika nyaraka ambazo kila mwandishi wa riwaya ya kihistoria ya enzi hiyo hana budi kuzitegemea, kwa kuwa vilabu vya siri havikuweka kumbukumbu za wazi na sehemu kubwa ya yanayojulikana juu yao yaliandikwa na waliovivamia. Kesi ya Roy Olmstead inatosha. Huyu alikuwa luteni wa polisi mjini Seattle kabla ya kugeuka mlanguzi mkubwa wa pombe. Maofisa wa serikali kuu walizinasa simu zake na za wenzake kwa takriban miezi mitano, ingawa sheria ya jimbo la Washington ilikuhesabu kunasa mazungumzo ya simu kuwa kosa. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliukubali ushahidi huo, na uamuzi huo haukutenguliwa hadi mwaka 1967. Olmstead alitumikia kifungo chake na kusamehewa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935. Jaji Louis Brandeis, aliyekuwa miongoni mwa waliopinga, alitaja kwamba maelezo ya mazungumzo yaliyonaswa yalijaza kurasa 775 zilizopigwa chapa. Humo mna maagizo ya pombe, na mna mazungumzo na polisi wa Seattle wenyewe kuhusu kuachiliwa kwa waliokamatwa. Mwandishi wa riwaya anayetaka kusikia sauti za ulimwengu huo atazisikia katika kurasa kama hizo: maneno ya watu wasiojua kuwa wanasikilizwa, yaliyochaguliwa na kuandikwa na watu ambao, kwa sheria ya jimbo walimokaa, walikuwa wakitenda kosa kila walipoinua mkono wa simu.